Ukingo wa mto ni wa nani? Mazungumzo juu ya Mulongwe, uwanja wa watoto na ndege wa matete

Maneno haya yalisemwa mjini Uvira, katika kikao cha familia zilizohamishwa, familia zinazowapokea, na viongozi wa kartie na wa nyumba kumi. Msemaji ni afisa wa uwanjani wa shirika la hapa hapa.

Wazee wetu, akina mama, viongozi wa kartie, ninyi mliotoka kambini na ninyi mliotoka majumbani, asanteni kwa kuacha kazi zenu. Najua wengine mmeacha kokoto bila kuponda, na siku bila kokoto ni siku bila unga.

Nimeombwa niongee juu ya amani. Nitaongea juu ya mto. Tangu kiangazi kilipoanza, kesi tano zimeletwa mbele ya kamati yetu ya usuluhishi, na nne kati ya hizo zimetoka mahali pamoja: kile kipande cha ukingo wa Mulongwe ambacho hakina nyumba tena. Sitataja avenyu wala majina, maana wenyewe wako hapa, wamekaa kwenye benchi moja, na kuwakalisha kwenye benchi moja kumetugharimu juma mbili.

Mnakumbuka ile siku ya mpira. Watoto wa kartie walikuwa wanacheza na watoto wa kambi. Mpira ukaingia katika bustani ya lengalenga ya mama mmoja aliyekimbia kutoka uwanda wa Ruzizi. Ilikuwa mara ya nne siku ile ile. Mama akauchoma mpira kwa kisu. Jioni bustani yote ikang'olewa. Usiku mawe yakarushwa juu ya mahema, na kesho yake kijana mmoja wa kambi akakamatwa njiani na kupigwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Mpira mmoja na matuta manne ya mboga, na tulikaribia kuzika mtu.

Nilipomuuliza yule mama kwa nini alilima pale, alinijibu: "Niliona pori tu, nikadhani halina mwenyewe." Vijana wakasema: "Ni uwanja wetu tangu zamani." Halafu akaja baba mmoja mwenye karatasi za parseli ndani ya mfuko wa plastiki, akanionyesha mahali penye mawe matupu, akasema: "Hapa ndipo sebule yangu ilipokuwa." Wote watatu walikuwa wanasema kweli.

Kwa wale mliofika Uvira baadaye, nieleze kwa nini pale hakuna nyumba. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani na mjini, na Mulongwe ikafurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka, makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makao. Madaraja yaliondoka. Mitambo ya maji ya REGIDESO ikaharibika, kwa hiyo mji uliojaa maji ulikosa maji ya kunywa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili ya mto, na nilikaa siku mbili bila kujua kama dada yangu yu hai. Alikuwa hai, juu ya paa la shule. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mpaka leo mvua ikianza usiku, nyumbani kwetu hakuna anayelala.

Sasa nataka tuangalie mto wenyewe, maana tunagombania ukingo wake bila kuuliza mto unafanya kazi gani.

Uvira ni utepe mwembamba. Nyuma yetu ni milima ya Mitumba, imesimama kama ukuta. Mbele yetu ni ziwa Tanganyika. Mito yetu, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inashuka kutoka juu kwa nguvu, ikibeba mawe, mchanga na magogo. Ikifika hapa chini kwenye tambarare, nguvu inapungua, na mto unatua mzigo wake. Ukitua mawe leo hapa, kesho njia hiyo imejaa, basi mto unasogea kando na kutua pengine. Ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu wa mababu. Anayebisha achimbe shimo la choo katika komini ya Mulongwe. Atakuta mawe ya mviringo, laini kama mayai. Hakuna mtu aliyeyalaini. Mto ulipita pale, ukaenda, na sisi tukaja kujenga juu ya njia yake ya zamani.

Kwa hiyo mto wa namna hii unahitaji mahali pa kutandaza maji na kutua mawe. Ukiubana kwa kuta na nyumba pande zote mbili, maji hayapungui hata tone moja. Yanapanda tu, na yanaongeza kasi. Ndugu zetu wa Kalehe waliona hayo kwa uchungu mwezi wa Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi, ambako mito midogo, ambayo siku nyingine mtoto anaivuka kwa miguu, iliua watu zaidi ya 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Basi kile kipande kisicho na nyumba, ambacho wengine wanakiita pori na wengine wanakiita hasara, ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko ukuta wowote ambao tungeweza kujenga. Mvua inayofuata ikija, maji yatakuwa na mahali pa kukaa kwanza, kabla ya kuingia katika nyumba zilizobaki. Lakini ardhi tupu mjini haikai tupu. Asipoitumia mtu kwa jambo jema, mwingine atapigilia mti wa kwanza wa nyumba usiku, na baada ya mwaka mmoja kutakuwa na avenyu nzima. Tumeona pale pale, kuna watu waliorudi kujenga kabla matope ya 2020 hayajakauka vizuri. Siwalaumu. Hawakuwa na pa kwenda.

Nami nilianza vibaya katika jambo hili, afadhali niseme mwenyewe kabla hamjanisema. Miaka michache iliyopita tulipata miche kutoka kwa wafadhili. Tulikuwa na haraka, maana ripoti ilikuwa na tarehe yake. Tukaita salongo, tukapanda miche mia kadhaa ya mikaritusi kwenye ukingo kwa siku moja, tukapiga picha, tukaenda zetu. Baada ya juma moja, yote ilikuwa imeng'olewa na kupangwa vizuri kwenye mlango wa ofisi yetu. Sikujua nicheke au nilie. Mzee mmoja akaniambia: "Mwanangu, ulipanda mti katika parseli ya mtu. Kwetu anayepanda mti anadai ardhi." Nilikuwa na diploma yangu ya chuo kikuu, na hilo silo walilonifundisha. Isitoshe, mikaritusi haikufaa pale kabisa. Inakunywa maji mengi, na chini yake hakuoti kitu cha kushika udongo.

Nilianza kujifunza kwa kukaa na kuangalia. Nenda pale asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya kelele. Mahali ambapo watu wameacha matete yaote yenyewe, utaona minana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota vinavyoning'inia, wakigombana kama akina mama kwenye bomba. Utaona mdiria mweusi na mweupe akisimama hewani, akipiga mabawa, kisha anajitupa majini na kutoka na kidagaa. Yangeyange wanatembea nyuma ya mbuzi. Fundichuma yuko peke yake majini, anatikisa mguu kutafuta vyura. Siku moja nilikuta watoto sita, watatu wa kambi na watatu wa kartie, wamelala kifudifudi kwenye mchanga wakimwangalia kenge anayechimba. Hakuna aliyemwambia mwenziwe atoke kwao. Walikuwa wananong'ona, maana waliogopa kenge atakimbia.

Wapo watakaoniuliza, na mama mmoja ameshaniuliza juma lililopita: "Ndege watanisaidia nini, na mtoto wangu amelala njaa?" Ni swali la haki, na sitamjibu kwa maneno matamu. Ndege hatakulisha. Lakini matete yanayomtunza ndege ndiyo yanayoshika udongo, na udongo ukishikwa pale hauendi ziwani. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki ambazo haziko penginepo duniani, na wengi wao wanaishi karibu na ufuko, kwenye mawe, mahali maji ni safi. Watafiti waliochunguza pwani za kaskazini mwa ziwa hili miaka ya 1990 walikuta kwamba pale udongo wa milima unaposhuka kwa wingi, aina za samaki zinapungua. Tope linafunika mawe wanayokula juu yake na mahali wanapotaga. Tena wapo samaki wa ziwa wanaopanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai humo. Kwa hiyo mvuvi wa hapa na mkulima wa ukingoni wanakula kwenye sahani moja, hata kama hawajuani. Wanaotaka kujua zaidi, tunacho Kituo cha Utafiti wa Viumbe vya Majini, CRH, hapa hapa Uvira. Waulizeni. Kazi yao inajulikana Ulaya kuliko katika kartie zetu.

Na kuhusu mchezo. Kuna watu wazima wanaofikiri mchezo ni anasa ya wale walioshiba. Mimi ninafanya kazi kambini. Hema moja lina watu saba, wanane. Mtoto hana pa kukimbia bila kukanyaga sufuria ya jirani, na kila sufuria iliyokanyagwa ni ugomvi wa watu wazima. Kijana wa miaka kumi na tano asiye na shule, asiye na shamba, asiye na uwanja, nani anamtafuta wa kwanza? Mnajua nani. Hawaji na mpira mkononi.

Nitoke Uvira kidogo, nirudi upesi. Dar es Salaam, Tanzania, wana mto unaoitwa Msimbazi, unapita katikati ya mji mpaka bahari. Bonde lake, hasa mahali paitwapo Jangwani, lilijaa nyumba za watu maskini, na mafuriko yakawa yanarudi. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa mjini humo. Serikali ikahamishia familia nyingi Mabwepande, mbali na mji, ikawapa viwanja. Wengine walirudi bondeni, kwa sababu kazi zilikuwa mjini na nauli hawakuwa nayo. Baadaye wakabadilisha mawazo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mradi mkubwa ambao ndani yake daraja la Jangwani linajengwa juu zaidi, wakazi wa bondeni wanalipwa fidia, na bonde linatengenezwa kuwa bustani ya mji yenye majani na miti, mahali ambapo watu watatembea wakati wa kiangazi na maji yatapita wakati wa mvua bila kukuta mtu amelala. Siwaambii kwamba kila mtu alifurahi. Malalamiko ya fidia yalikuwa mengi, na wengine walisema walichopewa hakiwezi kununua kiwanja popote. Sisi hatuna Benki ya Dunia. Ninachokichukua kwao ni hiki: kumtoa mtu mtoni bila kumfikiria atakaa wapi ni kumkopesha tu kwa mto, atarudi. Na ardhi ya mafuriko inaweza kuwa mahali pa furaha ya mji, ikikubaliwa hivyo mapema.

Sasa nije kwenye pendekezo. Kamati imelizungumza na pande zote, si mara moja, na halijaisha. Naliweka mbele yenu mlipige.

Kwanza tunataka tujue maji yalifika wapi 2020. Hatutafuti kwenye vitabu. Waliokuwepo wapo. Tutatembea nao, kila mmoja aonyeshe: hapa maji yalifika kiunoni, hapa yalifika dirishani. Tutatia alama ya chokaa. Mstari huo ndio utakuwa mpaka wa mazungumzo yetu, si kamba ya afisa anayekuja na gari na kuondoka.

Ndani ya mstari huo, karibu kabisa na maji, hapalimwi na hapachimbwi. Tuache matete yarudi yenyewe. Palipo na mteremko mkali tuongeze vetiveri na mianzi, na nyuma yake vijiti vya mkuyu. Mkuyu hauhitaji kitalu, unakata tawi, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika. Matunda yake ni ya ndege na popo, kivuli chake ni cha wazee. Safari hii hakuna mche utakaochomekwa kabla mwenye parseli hajasimama pale na kusema ndiyo mbele ya mashahidi.

Nyuma ya miti tuache mahali wazi. Hapo patakuwa uwanja wa mpira, na magoli yawe ya miti inayong'oleka, maana lolote lililojengwa kwa saruji pale ni chakula cha mto. Patakuwa na njia ya miguu kutoka barabarani hadi kwenye mawe ya kufulia nguo, ili akina mama wasipite katikati ya mchezo wala katika bustani ya mtu. Wasichana wamekuja kwangu wakasema uwanja huwa wa wavulana kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanataka siku mbili kwa juma ziwe zao, na wanataka mama mmoja wa kila upande awe pale siku hizo. Mimi naona wana haki. Kama kuna baba anayepinga, aseme leo, asiseme baada ya binti kupigwa.

Kisha upande wa nyumba, mbali zaidi na maji, ziwe bustani. Mboga za miezi miwili au mitatu: lengalenga, sombe changa, nyanya. Matuta yagawanywe kwa zamu, nusu kwa familia zilizohamishwa na nusu kwa familia zinazowapokea, na zamu ziandikwe. Kati ya bustani na uwanja tupande ua wa mianzi, mrefu. Hili ndilo jambo ambalo yule mama wa lengalenga na kapteni wa timu ya kartie walikubaliana wenyewe, mimi nikiwa nimekaa kimya. Kapteni alisema vijana watapanda ua, mama akasema atawapa mboga ya siku ya salongo. Mpira mpya umeshanunuliwa. Nani aliununua, wameniomba nisiseme.

Kuhusu mawe na mchanga, maana wengi hapa wanaishi kwa kuponda kokoto: hatuwafukuzi. Mawe yaliyotuama katikati ya mto, hayo yachukueni, mnausaidia mto kupata nafasi. Lakini anayechimba ukingo anachimba msingi wa jirani yake, na mashimo anayoyaacha yanajaa maji, mbu wanazaa, malaria inapanda. Tunapendekeza akina mama wa kokoto wenyewe wachague wawili wa kusimamia hilo. Wao wanajua nani anachimba wapi, hata usiku.

Sasa neno zito, la wenye parseli. Ninyi ndio mnaoombwa kutoa zaidi, na sitaki kulifunika. Tunajua kwamba sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo inataka vyanzo na njia za maji zilindwe. Lakini sheria haimpi baba wa watoto sita mahali pa kulala. Karatasi zenu mlizipata kwa jasho, na wengine mlilipa mara mbili. Kwa hiyo makubaliano haya yataandikwa hivi: hayafuti karatasi ya mtu yeyote. Majina ya wote waliokuwa na parseli ndani ya mstari yataandikwa katika kitabu, na kila mmoja atakuwa na nakala yenye mhuri wa komini. Siku Serikali au mfadhili yeyote akileta viwanja vya kuhamia, kitabu hicho ndicho kitakachotangulia. Na mpaka siku hiyo, mnayo haki ya kwanza ya kuchagua tuta la bustani.

Je, shirika letu lina pesa za fidia? Hapana. Nimeulizwa mara nyingi, na kuna wenzangu wanaopenda kujibu "tutaona". Nasema hapana, ili msingojee. Tunachoweza ni kupeleka kitabu hicho kwa bwana meya pamoja nanyi, kwa miguu yetu, na kurudi tena tukiambiwa tuje kesho.

Ninyi mliohamishwa na vita, mliotoka milima ya juu, uwanda au Bukavu, nawaombeni mwelewe uchungu wa hawa. Mkipiga hema juu ya mawe ya Mulongwe, kwenu ni usiku mwingine tu wa safari. Kwao ni kaburi la nyumba, na kwa wengine si la nyumba peke yake. Nanyi wenyeji, mwelewe kwamba mama anayelima tuta katika ardhi asiyoijua hatafuti parseli. Anatafuta mboga ya leo. Kwao ana shamba, na wengi wao wananiambia usiku wanaota mashamba yale.

Kabla sijakaa, mambo ya hatari, wazazi msikilize. Ukingo ni wa kuchezea, maji si ya kunywa. Kipindupindu hakijawahi kutuacha Uvira kwa muda mrefu. Kila timu ije na bidoni ya maji yaliyotiwa dawa, na vyoo vya uwanja vichimbwe nje ya mstari wa chokaa, si ndani. Watoto wasikae kwenye madimbwi yaliyotulia ya huku chini karibu na ziwa, kwa sababu ya kichocho. Mahali mto unapoingia ziwani si uwanja wa mtu: viboko hutoka majini jioni kula majani, na wameshaua watu katika mji huu. Mamba naye yupo. Jua likianza kuzama, huko kwenye mdomo wa mto tuwaachie wao. Kiboko hana ubaya, ila usisimame kati yake na maji.

Na mvua. Mvua ikiwa milimani, hapa chini jua linaweza kuwa linawaka. Mto ukibadilisha rangi, ukianza kunguruma na kuleta majani na vijiti, uwanja unaachwa saa ile ile, hata kama ni penalti. Tutatoa firimbi mbili, moja ikae upande wa kambi na nyingine upande wa kartie. Yeyote anayeipuliza anasikilizwa na wote. Tumekubaliana tayari kwamba hakuna adhabu kwa anayepuliza bure.

Tutaanza Jumamosi, saa moja asubuhi, penye daraja. Wazee wanaokumbuka alama za maji waje mbele. Vijana walete majembe na mapanga kwa ajili ya ua wa mianzi, na chokaa iko ofisini kwetu, mfuko mmoja na nusu. Kamba ndefu hatuna. Mwenye kamba ya mtumbwi atuazime, atarudishiwa jioni.